Miaka Mitatu ya Kungoja: Bima ya Afya na Uamuzi wa Kustaafu Nchini Marekani

Mfanyakazi wa Marekani anayekaribia uzee huishi kati ya tarehe tatu ambazo sheria za nchi yake ziliziweka kwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti, bila ya mtu yeyote kukaa chini akazilinganisha. Akifikisha miaka 62 anaweza kuanza kuchukua pensheni ya Hifadhi ya Jamii, yaani mfuko wa taifa ambao yeye na mwajiri wake wameuchangia tangu alipoanza ajira, ingawa ataichukua ikiwa imepunguzwa. Akifikisha 65 anaingia katika Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Na akifikisha 67, kama alizaliwa mwaka 1960 au baadaye, anastahili pensheni kamili. Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili ipo miaka mitatu ambayo mtu ana haki ya pensheni lakini hana haki ya bima ya uzeeni, na ni katika miaka hiyo ambapo swali la kustaafu hugeuka kuwa swali la matibabu.

Umri wa 65 ndio uliotangulia, kwa kuwa ulichaguliwa katika Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyosainiwa na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935. Mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo liliwaruhusu wanawake kuchukua pensheni iliyopunguzwa wakiwa na miaka 62, na mwaka 1961 ruhusa hiyo ikawafikia wanaume. Kwa hiyo Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria ya Medicare tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, Missouri, akiwa pamoja na Harry Truman, rais mstaafu ambaye jitihada zake za kuanzisha bima ya taifa zilikwama miaka ya arobaini na ambaye siku hiyo aliandikishwa kuwa mwanachama wa kwanza, pengo lilikuwa limekwishazaliwa: sheria mpya ilishika umri wa 65 wakati pensheni ilikwishashuka hadi 62. Mwaka 1983, mfuko wa pensheni ulipokuwa karibu kuishiwa fedha, Bunge liliamua kuusogeza umri wa pensheni kamili kidogo kidogo hadi 67, likauacha ule wa Medicare pale pale ulipokuwa.

Ili kuelewa kwa nini pengo hilo lina uzito mkubwa kiasi hicho, ni lazima kwanza kufahamu jambo ambalo mgeni wa nchi hiyo hulishangaa, nalo ni kwamba Mmarekani mwenye umri wa kufanya kazi kwa kawaida hupata bima yake ya afya kupitia kwa mwajiri. Chimbuko la utaratibu huu mara nyingi hutafutwa Dallas, Texas, ambako mwaka 1929 hospitali ya Baylor ilikubaliana na walimu wa mji huo kwamba kila mmoja atoe senti 50 kwa mwezi na kwa malipo hayo alazwe hadi siku 21 akiugua. Lakini kilichoufanya kuwa utaratibu wa nchi nzima ni Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 serikali ilizuia mishahara isipande ili kudhibiti mfumuko wa bei, na viwanda, vilivyokuwa vikigombania wafanyakazi wachache waliobaki baada ya vijana kwenda vitani, vikagundua kwamba bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara na hivyo havikuvunja sheria kwa kuitoa. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba fedha ambazo mwajiri anatumia kulipia bima ya mfanyakazi hazitozwi kodi ya mapato, na tangu hapo bima na ajira vikafungwa pamoja kwa fundo ambalo hakuna rais aliyefanikiwa kulifungua.

Kwa muda mrefu fundo hilo halikumuumiza sana mstaafu, kwa sababu kampuni kubwa ziliendelea kuwalipia bima hata wale waliokwishaacha kazi. Chama cha wafanyakazi wa magari, kilichogoma dhidi ya General Motors mwaka 1970 kikidai mtu aruhusiwe kuondoka baada ya kutumikia miaka 30 bila kujali umri wake, kisingeweza kuwashawishi wanachama wake waondoke mapema kama kuondoka kungekuwa na maana ya kupoteza matibabu. Mwaka 1988, kwa mujibu wa takwimu ambazo baadaye zilikusanywa na taasisi ya KFF inayochunguza sera za afya, asilimia 66 ya kampuni zenye wafanyakazi 200 au zaidi zilizotoa bima kwa wafanyakazi wao ziliwapa pia wastaafu. Katika miaka ya karibuni kiwango hicho kimeshuka hadi chini ya theluthi moja.

Anguko hilo lilianza na kanuni ya uhasibu. Mwishoni mwa mwaka 1990 bodi inayoweka kanuni za hesabu za kampuni za Marekani iliamua kwamba, kuanzia hesabu za mwaka 1993, kampuni isiishie kuandika fedha ilizolipa mwaka huo kwa matibabu ya wastaafu, bali iandike kuwa deni thamani yote ya ahadi iliyowapa wafanyakazi kwa miaka ijayo. Kanuni haikuongeza hata dola moja katika gharama yenyewe. Iliifanya ionekane, na wakurugenzi wakashtuka. General Motors peke yake, iliyoitumia kanuni hiyo mapema, iliandika makato ya dola bilioni 20.8 katika hesabu za mwaka 1992, ikamaliza mwaka huo ikiwa imetangaza hasara kubwa kuliko iliyowahi kutangazwa na kampuni yoyote ya nchi hiyo hadi wakati huo. Baada ya hapo kampuni moja baada ya nyingine iliwafungia mlango waajiriwa wapya, ikaweka kikomo cha mchango wake, au ikaondoa kabisa bima ya wastaafu. Pale kampuni yenyewe ilipokufa ahadi ilizikwa nayo: Bethlehem Steel, kampuni iliyotoa chuma cha daraja la Golden Gate, ilifilisika mwaka 2001, na mwaka 2003 takriban wastaafu na wategemezi 95,000 walipoteza bima. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la wastaafu wa kiwanda cha M&G Polymers, iliamua kwamba mkataba wa kazi usiposema wazi kuwa bima ni ya maisha, majaji wasidhani tu kuwa ndivyo pande mbili zilivyokusudia. Wazee waliokuwa wakiitegemea kauli ya mwajiri kwa miaka 30 waligundua kwamba kauli haikuandikwa.

Hivyo ndivyo miaka mitatu ile ilivyobaki wazi, na athari yake huonekana vizuri zaidi kwa kupiga hesabu ya mtu mmoja wa kawaida. Achukuliwe mwanamke wa miaka 62 asiye na mume, aliyezaliwa baada ya mwaka 1960, anayefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ya kunyanyua miili mizito kitandani usiku na mchana, na ambaye mgongo wake umeanza kumsaliti. Tuseme pensheni yake kamili ingekuwa dola 2,000 kwa mwezi. Akiichukua sasa hukatwa asilimia 30, tena makato hayo ni ya maisha, hivyo atapata dola 1,400. Mwaka 2024 bima ya mwajiri kwa mtu mmoja iligharimu kwa wastani dola 8,951 kwa mwaka, na katika hizo mfanyakazi alikatwa kwenye mshahara dola 1,368 tu, sawa na 114 kwa mwezi, zilizobaki zikilipwa na mwajiri bila yeye kuziona. Siku akiacha kazi, sheria iitwayo COBRA, iliyotungwa katikati ya miaka ya themanini, inampa haki ya kubaki katika bima ile ile kwa miezi 18 ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, lakini kwa sharti alipe gharama yote mwenyewe pamoja na asilimia 2 za uendeshaji. Dola 114 zinageuka kuwa karibu 761. Zaidi ya nusu ya pensheni inakwenda kwenye bima kabla ya kodi ya nyumba na chakula, na hata hivyo miezi 18 itakwisha akiwa na miaka 63 na nusu. Akivumilia hadi 65, ada ya kila mwezi ya Medicare kwa matibabu ya nje ya wodi ilikuwa mwaka huo dola 174.70.

Kwa hesabu hiyo hakuna haja ya kushangaa kwamba washauri wa mambo ya fedha wa Marekani huuzungumzia umri wa miaka 63 na nusu kama kwamba umeandikwa katika sheria. Haukuandikwa popote, ni 65 ukitoa miezi 18 ya COBRA, na kwa mwenye akiba ya kutosha ndiyo siku ya kwanza anayoweza kuondoka bila kupitia soko lolote la bima.

Wanauchumi wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka 30, na hali yenyewe wameipa jina la kufungwa kazini, wakimaanisha mtu ambaye angeondoka kama si hofu ya kukosa matibabu. Brigitte Madrian alionyesha mwaka 1994 kwamba bima ya mwajiri ilipunguza kwa takriban robo uwezekano wa mtu kuacha kazi kwa hiari yake. Mwaka uliofuata, akishirikiana na Jonathan Gruber, alithibitisha kwamba sheria za kumruhusu mtu abaki katika bima ya kazini baada ya kuondoka, japo kwa gharama yake, ziliwafanya wanaume wa miaka 55 hadi 64 wastaafu kwa wingi zaidi. Ushahidi mwingine ulitoka mahali pasipotarajiwa. Katikati ya miaka ya tisini idara inayowahudumia askari wastaafu ilipanua huduma zake za afya hata kwa wale ambao zamani hawakuzistahili, na watafiti Melissa Boyle na Joanna Lahey waliowalinganisha askari hao wenye umri mkubwa na wanaume wengine wa rika lao waliona kwamba waliopata huduma hizo waliacha kazi, au walihamia kazi ya saa chache, kwa wingi kuliko wenzao. Jimbo la Tennessee lilitoa mfano wa kinyume: mwaka 2005 liliwaondoa watu wapatao 170,000 katika bima yake ya umma, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba wengi wao walikimbilia kutafuta kazi, hasa kazi zenye bima.

Ingetarajiwa, basi, kwamba sheria ya Rais Barack Obama ya mwaka 2010 ingewafungulia mlango maelfu kwa maelfu. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za bima zilikatazwa kumkataa mtu au kumpandishia ada kwa sababu ya maradhi aliyokwisha kuwa nayo, jambo ambalo kwa mtu wa miaka 60 mwenye kisukari au shinikizo la damu lilikuwa tofauti kati ya kupata bima na kuikosa kabisa. Ada ya mzee ilizuiwa isizidi mara tatu ya ile ya kijana. Na mwenye kipato cha chini au cha wastani alipewa ruzuku, yaani serikali ilimlipia sehemu ya ada. Ajabu ni kwamba tafiti za miaka ya kwanza, ukiwamo ule wa Helen Levy, Thomas Buchmueller na Sayeh Nikpay, hazikuona ongezeko lolote la maana la watu kustaafu kabla ya 65.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sheria iliondoa ukuta lakini ikaacha ngazi ndefu. Bima ya sokoni ilipatikana, ila mara nyingi ilimtaka mgonjwa ajilipie mwenyewe maelfu ya dola kabla kampuni haijaanza kuchangia, na ilimruhusu kwenda kwa madaktari wachache kuliko ile ya kazini. Ruzuku nayo ilikuwa na ukingo mkali: aliyezidi kwa dola moja kipato cha mara nne ya mstari rasmi wa umaskini aliikosa yote, na mtu wa miaka 63, ambaye ada yake ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi, alianguka kutoka juu zaidi. Ukingo huo uliondolewa kwa muda mwaka 2021, na sheria ya mwaka 2022 ikairefusha nafuu hiyo hadi mwisho wa mwaka 2025. Kwa sababu ya ukingo huo wastaafu wa mapema wenye akiba walijifunza ufundi wa kupima kipato chao kama mpishi apimavyo chumvi, wakitoa fedha kidogo katika akaunti zinazotozwa kodi, wakijazia kutoka katika zile zilizokwisha kukatwa kodi, ili mwaka uishe wakiwa upande wa ndani wa mstari. Zaidi ya hayo, mtu hastaafu kwa kutegemea sheria ambayo kila uchaguzi unatishia kuifuta, na mwezi Julai 2017 sheria hiyo ilinusurika katika Baraza la Seneti kwa kura za maseneta wachache tu wa chama kilichotaka kuiondoa. Bima ya uhakika ni bima ambayo mtu anaamini itakuwapo mwaka kesho, na hilo ndilo ambalo soko la bima lilishindwa kulitoa hata pale bei ilipokuwa nzuri.

Kwa maskini zaidi ipo Medicaid, mpango wa pamoja wa serikali kuu na majimbo, ambao sheria ya 2010 iliupanua uwafikie watu wazima wote wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2012 kwamba jimbo halilazimiki kuupanua. Texas na Florida ni miongoni mwa yaliyokataa. Mhudumu wa wagonjwa aliyetajwa hapo juu, akiwa na dola 1,400 kwa mwezi, angetibiwa kwa Medicaid kama angekaa New York au Kentucky, na kama angekaa Houston angetakiwa kwenda kununua bima sokoni kwa ruzuku. Lakini hata wanaostahili Medicaid huiogopa wakifikia umri huo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1993 inayataka majimbo yadai katika mirathi gharama za matunzo ya muda mrefu ya mtu aliyekuwa na miaka 55 au zaidi, na nyumba ndiyo mirathi pekee ya familia nyingi.

Hesabu huwa ngumu zaidi kwa mume na mke, kwani Medicare ni ya mtu mmoja mmoja na haina wategemezi. Mwanamume wa miaka 66 anayeweza kustaafu kesho, akiwa na kadi yake mkononi na pensheni inayotosha, mara nyingi huendelea kwenda kazini kwa sababu mke wake ana miaka 61 na anatibiwa kwa bima ya kazi ya mumewe. Akiondoka yeye, anamwondolea mwenzake bima kwa miaka minne. Takwimu za ajira humhesabu mtu kama huyo miongoni mwa wazee wanaopenda kazi. Na wapo wasioweza kungoja hata kama wangetaka, nao ndio ambao mfumo huu unawatesa zaidi: waashi, wapakiaji wa mizigo, wachinjaji viwandani, wasafishaji wa hoteli, watu ambao miili yao huisha kabla ya 65. Mtu wa aina hiyo akithibitishwa kuwa mlemavu hupata pensheni ya ulemavu baada ya miezi 5, na tangu sheria ya mwaka 1972 huingia Medicare bila kujali umri, lakini baada ya kungoja miezi mingine 24. Miezi 29 kwa jumla, bila Medicare, kwa mtu ambaye serikali yenyewe imekwishakiri kuwa ni mgonjwa mno kufanya kazi: katika utaratibu wote huu hakuna kifungu kilicho kigumu kukitetea kuliko hicho.

Kuziba pengo kumejaribiwa mara kadhaa. Mwaka 1998 Rais Bill Clinton alipendekeza watu wa miaka 62 hadi 64 waruhusiwe kuinunua Medicare. Mwezi Desemba 2009 maseneta walikaribia kuwafungulia mlango huo wa miaka 55 hadi 64, wakarudi nyuma seneta Joe Lieberman alipotangaza kwamba hataupigia kura muswada wenye kifungu hicho. Na Joe Biden aliingia katika uchaguzi wa 2020 akiahidi kuushusha umri hadi 60. Hakuna lililopita. Hospitali huyapinga mapendekezo hayo kwa sababu inayoeleweka, kwamba Medicare huzilipa kidogo kuliko bima za waajiri, na kila mgonjwa anayehama ni mapato yaliyopungua. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeelekea upande mwingine: katika majimbo yaliyopanua Medicaid, watu wa miaka 19 hadi 64 watatakiwa, ifikapo Januari 2027, kuonyesha kuwa wanafanya kazi au shughuli inayokubalika kwa saa 80 kwa mwezi, isipokuwa wenye misamaha kama ugonjwa. Umri wa 64 haukuchaguliwa kwa bahati, kwa kuwa ndio wa mwisho kabla ya Medicare kuanza.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataona kwamba swali la kwao lina sura tofauti. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hulazimika kustaafu akiwa na 60, isipokuwa katika kada chache. Tarehe inawekwa na sheria, na ubishi mkubwa wa miaka ya karibuni umekuwa juu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kuliko juu ya matibabu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unaochangiwa asilimia 3 na mtumishi na asilimia 3 na mwajiri, huendelea kumhudumia mwanachama aliyestaafu pamoja na mwenzi wake kwa masharti yake. Lakini hiyo ni bahati ya walio katika ajira rasmi. Nchini Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75 ya mshahara na kuwapima wasio na mshahara kwa kipato cha kaya, bima nono ambazo kampuni huwanunulia wafanyakazi wao hukoma na ajira, na mstaafu wa benki hujikuta ameshuka ghafla kutoka hospitali moja hadi nyingine. Tanzania inapoitekeleza sheria yake ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, inafaa kujiuliza kadi itamfuata mtu au itabaki na mwajiri, kwa maana historia ya Marekani inaonyesha kuwa jibu la swali hilo likishawekwa halibadiliki kirahisi hata baada ya miaka 80.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani kwenyewe, wauguzi na watunza wazee kutoka Kenya na Tanzania, wakimbizi wa Kongo walioanzia viwanda vya nyama na maghala, sheria zina vifungu vinavyowagusa kwa namna ya pekee. Sehemu A ya Medicare, inayolipia kulazwa, haina ada kwa aliyechangia, au ambaye mwenzi wake alichangia, kwa robo mwaka 40, yaani miaka 10. Aliyefika nchini akiwa na miaka 58 hawezi kuzitimiza kabla ya 65. Mwenye ukaazi wa kudumu aliyeishi huko miaka mitano mfululizo anaweza kuinunua, na mwaka 2024 bei yake kwa mwenye chini ya robo 30 ilikuwa dola 505 kwa mwezi. Sheria ile ya Julai 2025 imewanyima Medicare wakimbizi ambao hawajapata ukaazi wa kudumu, hata kama wamechangia. Wako pia wanaodanganyika na COBRA: mtu aliyepita miaka 65 anapoacha kazi ana miezi 8 tu ya kujiandikisha katika Sehemu B, ile inayolipia madaktari na vipimo, na kuwa na COBRA hakuusimamishi muda huo.

Kifungu kinachosahaulika zaidi kinawahusu wanaopanga kurudi nyumbani uzeeni. Pensheni ya Hifadhi ya Jamii humfuata raia wa Marekani hadi Mombasa au Moshi, lakini Medicare hailipii matibabu nje ya nchi hiyo isipokuwa katika hali chache sana, kwa hiyo wengi huiacha Sehemu B ili wasilipie kitu wasichokitumia. Mtu akibadili nia baadaye, pengine kwa ajili ya upasuaji wa moyo au ili awe karibu na wajukuu, atalazimika kungoja dirisha la kujiandikisha la Januari hadi Machi, na atatozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyokaa nje ya bima, nyongeza isiyokoma maisha yake yote. Aliyekaa nyumbani miaka mitano atalipa moja na nusu ya ada ya wenzake. Anayefikiria kurudi na ailinganishe nyongeza hiyo na gharama ya kuendelea kulipa akiwa mbali, aongeze bei ya bima atakayohitaji huku nyumbani, na aulize ofisi ya Hifadhi ya Jamii mapema, kabla siku yake ya kuzaliwa ya 65 haijampita.